Kuhusu Upande wa Kushoto wa Avenue Lufonzo

Kamalondo, mwezi wa Novemba 1974

Kwa Citoyen Président wa Kamati ya Kusikiliza Raia juu ya Barabara Kubwa Mpya,
Lubumbashi

Citoyen Président,

Ninawaamkia kwa heshima mbili: ile ya Chama, ambayo ni ya lazima, na ile yangu mwenyewe, ambayo ninaitoa kwa hiari. Nikiisha kuwaamkia, ninaomba ruhusa ya kulalamika.

Silalamikii barabara. Barabara ni maendeleo, na mimi sijawahi kusimama mbele ya maendeleo, kwa kuwa ninaona hayana breki. Silalamikii vumbi, wala kelele, wala malori ya shaba yatakayopita mbele ya dirisha langu, kama dirisha litakuwapo. Ninalalamikia jambo moja tu. Mlituuliza.

Jina langu ni Kalenga, fundi wa nguo wa Avenue Lufonzo. Zamani niliitwa pia Godefroid, lakini tangu itoke sheria ya kuacha majina ya kizungu sijibu tena nikiitwa hivyo, isipokuwa anayeita ni bibi yangu wa ndoa na chakula kiko tayari. Baba yangu alitoka Kongolo, akaja huku na kazi ya reli. Mimi nilisoma kwa mapadri, ndiyo maana ninawaandikia Kiswahili cha shule. Maneno ya watu nimeyaacha kama walivyoyasema, yasipoteze chumvi.

Malalamiko yangu ninayapanga kwa namba, ili karani wenu asipate taabu.

1. Kwamba mlituuliza bila kututayarisha.

Baba yangu alihamishwa na Wabelgiji, akahamishwa tena, na hakuna aliyemuuliza neno. Asubuhi walikuja watu na kamba za kupimia, jioni nyumba ilikuwa chini. Majirani wote walihamishwa pamoja naye, wakalia pamoja, wakajenga pamoja, na siku ya kufa kwake walimzika wakiwa bado marafiki. Ule ulikuwa ukatili, sikatai, lakini ulikuwa ukatili wenye utaratibu. Kila mtu alijua nani wa kumchukia, na huyo wa kuchukiwa alikaa mbali, ng'ambo, hakusumbuliwa.

Ninyi mlikuja kwa njia nyingine. Siku ya Salongo, ile kazi ya lazima ya raia, badala ya kutupeleka kusafisha mitaro, mlituita kwenye uwanja wa shule. Tulikuja wengi, kwa kuwa hakuna asiyependa kuukimbia mtaro. Kulikuwa na meza yenye kitambaa cha kijani, vijana wa animation, wacheza ngoma wa Chama, walicheza mpaka jasho likawaingia machoni, na nyuma ya madarasa wanawake wetu walikuwa wanawapikia kuku. Kisha yule injinia wenu kijana, Citoyen Ngosa, akatundika ramani ukutani, akajifuta uso, akasema:

“Batu ba Lufonzo, nimekuja kubasikiliza.”

Uwanja wote ulishtuka. Mliona wenyewe. Mzee Kasonde, aliyefanya kazi ya reli pamoja na baba yangu na ambaye haogopi tena kitu isipokuwa ngazi, alisimama kwa fimbo yake.

“Niko na ulizo,” alisema. “Ni nani alikufa?”

“Hakuna muntu alikufa, papa,” injinia akajibu. “Tunataka mawazo yenu.”

“Ya kufanya nayo nini?”

Citoyen Président, lile lilikuwa swali zuri. Vijana wa animation walianza wimbo mwingine.

2. Kuhusu mstari.

Hili ni fupi. Injinia alituonyesha kwenye ramani jinsi barabara itakavyotoka Kilwa yetu, ile ya ziwani, ikipita porini ambako leo malori yanalala matopeni, mpaka kufika mjini. Kutoka Kilwa mstari ulikuja umenyooka kama uzi. Ulipofika karibu na Golf, mtaa wa matajiri, ulipinda. Ulipinda kwa adabu, kama mtu anayempisha mkubwa mlangoni, ukazunguka mbali, ukaja kuingia kwetu Kamalondo, katikati ya Avenue Lufonzo.

Mtu mmoja nyuma aliuliza kwa nini unapinda. Ninyi mlijibu kwamba ni sababu za ufundi. Citoyen Ngosa alikohoa. Mimi niliridhika kabisa, maana sababu za ufundi ninazifahamu. Nikimshonea suruali mtu mwenye tumbo kubwa, mstari wangu pia hupinda.

3. Kuhusu kura.

Avenue yetu ni nyembamba. Injinia alieleza kwamba upande mmoja wa nyumba lazima uvunjwe, na upande wa pili utabaki, tena utabaki kwa neema, kwa kuwa utatazamana na barabara kubwa na wenyewe watafungua maduka. Alipofika hapo alitaka kueleza zaidi. Lakini harufu ya kuku ilikuwa imefika mezani, na ninyi mkasimama, mkasema kwa sauti ya baba:

“Wanaotaka upande wa kushoto uvunjwe, wanyoshe mikono.”

Hapa ninawaomba mnivumilie nieleze jambo dogo la kijiografia. Mimi huingia Avenue Lufonzo nikitokea sokoni, ninakonunua nyuzi na vifungo. Nikiingia hivyo, upande wa kushoto ni upande wa Mwansa. Mwansa ndiye jirani yangu wa mbele, mlango kwa mlango, mfanyabiashara wa samaki, mtu wa Kilwa. Yeye kila asubuhi huingia avenue akitokea upande wa reli, kwenye depo ya samaki. Akiingia hivyo, upande wa kushoto ni wangu.

Mimi nilinyosha mkono. Ninakiri nilinyosha taratibu, kwa huzuni, kwa ajili ya Mwansa. Kumbe ng'ambo ya uwanja Mwansa naye ananyosha wake, kwa huzuni, kwa ajili yangu. Upande wangu wote ulinyosha. Upande wake wote ulinyosha. Mzee Kasonde alinyosha fimbo.

Mlifurahi sana. Mlisema hamjaona katika kazi yenu raia wenye kukomaa namna hii, watu wanaokubali kuvunjiwa bila hata mkono mmoja wa kupinga. Citoyen Ngosa alisogea, akawaambia karibu na sikio, lakini sisi wa mbele tulisikia:

“Citoyen Président, kushoto, ukitokea wapi?”

“Kushoto ni kushoto, Citoyen Ingénieur,” mlimjibu. “Raia bameisha kusema.”

Ngoma zikapigwa. Kesho yake redio ilitangaza kwamba watu wa Kamalondo wamechagua njia ya barabara kubwa kwa sauti moja. Ilikuwa kweli. Ilikuwa sauti moja kabisa.

4. Kuhusu bia.

Jioni ile Avenue Lufonzo nzima ilikuwa na furaha, pande zote mbili, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Nilimchukua Mwansa tukaenda kunywa. Nilitaka kumtuliza. Nilimnunulia bia, akanunua ya pili. Alinitazama kwa macho ya huruma mpaka nikaona aibu. Nilisema moyoni: tazama moyo wa huyu mtu, nyumba yake inakwenda na bado ananihurumia mimi.

“Pole, Ba Kalenga,” alisema.

“Pole ni yako, Ba Mwansa.”

“Hapana, ni yako. Hata bakivunja, musiogope. Kwangu chumba iko. Mutaleta mashini yako, mutashona.”

Nilidhani huzuni imemgusa kichwa. Nilimshika bega, nikamwambia polepole, kama mtu anayesema na mgonjwa, kwamba ni yeye atakayekuja kwangu, na samaki wake tutawaweka uani. Aliondoa bega. Akaniuliza kwa nini samaki wake wahame. Nikamwambia: kwa kuwa upande wako umechaguliwa. Akasema: upande wangu, wapi? Wako. Tulikaa pale tukinyosheana vidole, yeye kuelekea reli, mimi kuelekea soko, mpaka mwenye bar akatuomba tukamalizie nje.

Na meza zingine, Citoyen Président, zilikuwa zinafanya hesabu hiyohiyo. Usiku haujaingia bado, Avenue Lufonzo ilikuwa imekatika katikati, bila mashini yoyote ya serikali kugusa udongo. Kama lengo lilikuwa kupanua avenue, ninawapongeza. Tangu siku ile, kutoka mlango wangu mpaka mlango wa Mwansa ni mbali kuliko Kilwa.

5. Kuhusu elimu iliyofuata.

Sitawachosha na yote yaliyosemwa juu ya kushoto katika majuma yale. Upande wangu walisema kushoto huhesabiwa kutoka sokoni, kwa kuwa soko ni uhai. Upande wa pili walisema huhesabiwa kutoka kwenye reli, kwa kuwa bila reli mji huu usingekuwapo. Mwalimu mmoja alisema avenue ina mwanzo na mwisho kama sentensi, na inasomwa kuanzia namba ya kwanza. Walikwenda kutazama namba ya kwanza, wakakuta mwenye nyumba ile amekwisha kuifuta kwa chokaa.

Wengine walikwenda kumwona katekista. Yeye aliwakumbusha kwamba siku ya mwisho kondoo watawekwa kuume na mbuzi kushoto. Alikusudia mema. Lakini baada ya hapo jambo likawa si nyumba tena. Watu waliokaa kiti kimoja kanisani miaka yote walianza kuitana mbuzi.

6. Kuhusu mwana wangu Liévin.

(Jina hili pia ni la zamani. Ninaliandika hapa kwa kuwa sijui kulia kwa jina jipya.)

Liévin ni fundi wa magari katika kampuni ya shaba. Angélique ni binti wa Mwansa. Walikua wakivuka avenue hii, yeye akija kwetu kula bukari, huyu akienda kwao kula samaki, mpaka siku moja tukagundua kwamba hawakuwa wanavuka kwa ajili ya chakula. Tulifurahi. Maneno ya mahari yalikwisha mapema, kwa kuwa wazee wa pande zote mbili walikuwa na njaa na wanapendana. Harusi ilipangwa iwe mwezi wa kumi na mbili. Nilikuwa nimekwisha kumkatia Mwansa abacost ya harusi, koti lisilotaka tai, kitambaa cha rangi ya majivu, kizuri.

Juma moja baada ya kikao chenu, Mwansa alimtuma mdogo wake kuja kusema neno mlangoni kwangu. Neno lenyewe ni hili: “Mutoto wangu hataolewa mu barabara.” Maana yake, kwa hesabu yake, nyumba yangu imekwisha kuwa barabara.

Mimi nilijibu, na jibu langu silisifu, kwamba mwanangu naye hawezi kwenda kuposa kwenye mtaro.

Tangu hapo abacost ya Mwansa imekaa kwenye msumari bila mikono. Samaki hawajaingia nyumbani kwangu. Liévin hurudi kazini, hunawa mafuta mikononi, hukaa kwenye ngazi ya mlango akitazama ng'ambo. Ng'ambo kuna msichana ambaye hufagia sehemu ileile ya uwanja. Ninapita kati yao nikijifanya ninatafuta sindano.

Nilimwambia kwamba wasichana ni wengi Lubumbashi. Alinijibu kwa adabu, kama alivyofundishwa: “Papa, barabara pia ni nyingi.”

Ninaliweka jibu lile hapa, labda Kamati yenu italipatia jibu lake.

7. Kuhusu asubuhi ya homa.

Hili nilikusudia nisiliandike, kwa kuwa halinisaidii katika malalamiko. Lakini barua imelifikia.

Mvua zilipoanza, bibi yangu, Albertine, alishikwa na malaria. Ilianza kama homa ya kawaida. Asubuhi moja, mwanga umekwisha kutoka, nilimkuta hanitambui. Ananiita kwa jina la kaka yake marehemu. Liévin alikuwa kazini. Kwa desturi, jambo la namna hii likitokea kwangu, ninavuka avenue, ninagonga kwa Mwansa, naye anawasha camionnette yake ya samaki. Hivyo ndivyo Liévin mwenyewe alivyozaliwa hospitalini na si jikoni.

Nilisimama mlangoni. Nilitazama mlango wa Mwansa. Citoyen Président, kura ilikuwa ya sauti moja, na mimi ni raia. Nilimfunga bibi yangu kitambaa, nikamweka mgongoni, nikaanza kutembea.

Sikufika mbali. Albertine si mwanamke mwepesi, namshukuru Mungu, na matope yalikuwa yameanza. Nilisikia nyuma yangu gari linakuja polepole sana, kama gari la maziko. Sikugeuka. Gari likanifikia, likatembea sambamba nami kwa kitambo. Kisha mlango ukafunguliwa. Mwansa alikuwa kwenye usukani. Alitazama mbele. Mama Angélique, mke wake, alikuwa nyuma kati ya makapu, alikwisha kutandika blanketi, akanyosha mikono akampokea Albertine kama anavyopokea mtoto wake.

Tulikwenda hivyo, gari likinuka samaki. Sikujua kwamba mtu anaweza kuikosa harufu ile. Tulipofika kwenye njia panda ya hospitali Mwansa alipunguza mwendo. Pale kuna njia mbili, na moja ilikuwa imejaa maji.

“Tunapita wapi?” aliuliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku ya bia.

Nilifungua mdomo. Mnajua neno lililokuwa linangoja. Niliufunga, nikaonyesha kwa kidole. Naye akatazama kidole, akakata usukani, akaenda huko, bila kuutaja upande ule kwa jina.

Alikaa nje ya hospitali mpaka waliponiambia kwamba bibi yangu ataishi. Nilitoka kumpa habari. Aliitikia kwa kichwa, akapangusa kioo cha gari ambacho kilikuwa safi. Akamngoja mke wake, wakaondoka. Kesho yake tulipishana kwenye avenue, na kila mtu alitazama upande wake. Uamuzi wa raia ulikuwa bado una nguvu.

8. Kuhusu misalaba.

Wiki iliyopita vilikuja vikosi viwili vya wapaka rangi, kuweka alama kwenye nyumba za kuvunjwa. Ili kazi iende haraka, kimoja kilianzia sokoni na kingine kilianzia relini. Kila kikosi kilikuwa na amri ileile, fupi na ya wazi: msalaba mwekundu, upande wa kushoto.

Walikutana katikati, mbele ya nyumba yangu na ya Mwansa. Walisalimiana. Walitazamana. Kila mmoja akageuka kutazama kazi ya mwenzake, na mkubwa wa kikosi kimoja akauliza, kwa sauti ya chini, kama rangi iko inatoka na maji.

Haitoki, Citoyen Président. Ni rangi nzuri.

Sasa nyumba zote za Avenue Lufonzo zina msalaba. Mgeni akipita anavua kofia. Mzee Kasonde anasema tangu zamani za reli hajaona kazi iliyofanywa kwa usawa namna hii. Na ninyi mngedhani kwamba kwa kuwa sasa tumehukumiwa sote, tungepatana. Hapana. Kila upande unangoja kwa subira serikali ije kurekebisha kosa lake, yaani ule msalaba wa upande wake. Ule wa ng'ambo unaonekana kuwa sahihi.

Kutokana na hayo yote, kwa unyenyekevu mkubwa, ninaomba yafuatayo:

Kwanza, Kamati isituulize tena. Wala juu ya barabara, wala juu ya daraja, wala hata ikitaka kujua saa.

Pili, kama inawezekana, neno kushoto lifutwe. Majina yetu yalifutwa kwa siku moja, na hakuna aliyekufa. Neno moja halitawashinda. Tutabaki na upande wa kuume tu, pande zote mbili, na Maandiko hayatatusumbua.

Tatu, kama serikali lazima imuulize mtu, iende Golf. Kule watu wana viti vya kukalia wakifikiri, na bustani za kutembea wakiendelea kufikiri. Tena inaonekana wana kipaji. Mstari uliwakaribia, hawakuitwa uwanjani, hawakunyosha mkono, na ulipinda wenyewe.

Nne. Hili la nne ndilo hasa nililoanza barua kwa ajili yake. Ninaomba mtuvunjie kama zamani. Njooni asubuhi na mashini, bila kitambaa cha kijani, bila ngoma, bila kutuamkia. Anzeni na pande zote mbili kwa mara moja. Acheni tutoke mbio sote, tukibeba vyungu na magodoro, tusimame katikati, mimi na Mwansa, na tuwe na mtu mmoja wa kumlaani, naye asiwe jirani. Mtutendee ubaya wa kawaida. Nina hakika siku hiyo Mwansa atanipa upande mmoja wa sanduku lake nibebe, nami nitambebesha mashini yangu, na jioni tutakuwa hatuna nyumba lakini tutakuwa tumekaa pamoja, na watoto wetu wataoana porini.

Nikimaliza hayo, ninawaomba mpokee salamu zangu za kimapinduzi. Mnisalimie Citoyen Ngosa, mwenye kikohozi. Muwasalimie wapaka rangi wa vikosi vyote viwili, na wapiga ngoma, na dereva wenu aliyeniomba nimtilie kifungo na nikamtilia. Muwasalimie watu wa Golf, mkiwaona. Salamu kwa nyumba yenu yote, Mungu aiweke mbali na mstari.

Ni mimi raia wenu mtiifu,

Kalenga
Fundi wa nguo, Avenue Lufonzo, upande ambao sitautaja

P.S. Citoyen Président, timbre ya posta imekwisha kubandikwa na haikubali kutoka, kwa hiyo barua hii lazima ije. Lakini ninawaomba msiifuate, kwa sababu zifuatazo.

Bibi yangu Albertine, ambaye amepona na nguvu zinamrudia upesi kuliko nilivyotazamia, ameiona mezani, ameisoma yote kwa miwani yangu. Hakucheka pale nilipotazamia acheke. Alipomaliza aliuliza:

“Hii barua, uliniuliza mbele ya kuiandika?”

Nilisema hapana.

“Na ile siku ya mikono, mimi nilikuwa wapi?”

Nilifikiri. Alikuwa nyuma ya madarasa, anawapikia kuku. Mama Angélique alikuwa naye, anapepea makaa ya mbabula. Wanawake wote wa Avenue Lufonzo walikuwa kule nyuma, wa pande zote mbili, macho yakiwatoka machozi kwa moshi. Hakuna hata mmoja aliyenyosha mkono. Hakuna aliyewaomba.

Hivyo ile sauti moja, Citoyen Président, ilikuwa nusu. Ninawaarifu kwa kusikitika.

Nimegundua pia kwamba wao hawakugombana hata siku moja. Kumbe wamekuwa wakikutana sokoni kila asubuhi, wakinunua pamoja na kugawana, na yale majani ya sombe niliyokula kwa huzuni mwezi mzima yalichaguliwa na mke wa Mwansa. Na asubuhi ile ya homa, si Mwansa aliyenisikia. Mama Angélique ndiye aliyekuwa akitutazama dirishani tangu siku mbili, akamwamsha mume wake, akamwambia awashe gari ama yeye atalisukuma.

Jana, mimi nikiwa ninaandika malalamiko namba tano, wanawake wote walikwenda kwenye ofisi ya Citoyen Ngosa. Liévin na Angélique walikwenda nao, wakakaa benchi moja. Injinia aliwapokea vizuri. Aliwaambia kwamba yeye hana ruhusa ya kupinga sauti moja, ila amekuwa akingoja kila siku mtu aje kumwuliza kitu. Basi wakamwuliza. Wakamwuliza kwa nini mstari unapinda Golf. Wakamwuliza tena. Mwisho akatoa penseli, akawaonyesha pa kupita bila kuvunja Lufonzo wala Golf, ila itabidi mpige simu kwa mtu ambaye hampendi kumpigia.

Anakuja na mchoro huo Jumamosi. Kikao kitafanyika kwenye avenue yenyewe, kila mtu amesimama mlangoni pake. Wanawake wanaomba mje, Citoyen Président, na wanaomba mtuulize tena, tangu mwanzo, polepole. Harusi itafanyika mwezi wa kumi na mbili kama ilivyopangwa. Hilo hawakuuliza, walitutangazia.

Mimi na Mwansa peke yetu tumeambiwa tukae kiti kimoja, nyuma. Nimeomba niruhusiwe kusema neno moja Jumamosi. Bado wanashauriana.